Chura Ajipakaye Nta

Miongoni mwa mambo ya awali anayofundishwa mwanafunzi wa biolojia kuhusu amfibia ni kwamba chura hawezi kukaa mbali na maji kwa muda mrefu. Sababu inayotolewa darasani ni ya kweli. Ngozi ya chura haina magamba wala manyoya. Ni laini na yenye ute, na sharti ibaki na unyevu ili oksijeni ipate kuyeyuka na kupenya hadi kwenye damu. Lakini mlango uingizao oksijeni ndio utoao maji. Vipimo vya maabara vimeonyesha mara nyingi kwamba vyura wa kawaida, wakiwekwa katika hewa kavu inayopita, hupoteza maji kwa kasi iliyo karibu sawa na ile ya maji yaliyo wazi katika sahani, kana kwamba ngozi haipo.

Hata hivyo, yuko chura katika Amerika ya Kusini ambaye hushinda juu ya tawi mchana kutwa, katika nchi ambayo joto la adhuhuri hupita nyuzi 40 za Sentigredi. Hajifichi chini ya jiwe wala hajifukii matopeni. Hukunja miguu yake chini ya tumbo, hufumba macho, na kutulia kimya hadi jua lichwe. Giza liingiapo huamka, huanza kutambaa matawini kutafuta wadudu, na ukimpima utakuta kwamba uzito wake haukupungua sana tangu alfajiri. Jina lake la kitaalamu ni Phyllomedusa sauvagii. Namna anavyoweza kuishi hivyo ni somo linalostahili kufuatwa hatua kwa hatua, maana si suala la ngozi peke yake.

Watu wengi wasikiapo misitu ya Amerika ya Kusini hufikiria Amazon, yaani miti mirefu, mvua ya kila siku na ardhi isiyokauka. Makao ya chura huyu si hayo. Yeye ni mwenyeji wa Gran Chaco, uwanda mpana unaogawanywa na Argentina, Paraguay na Bolivia, pamoja na pembe ndogo ya Brazil, na ambao hukatwa na mstari wa Tropiki ya Kaprikoni. Ni nchi ya miti yenye miiba, mipungate na nyasi, inayokaribiana zaidi na nyika ya Tsavo au ya Dodoma kuliko na msitu wa mvua. Mmojawapo wa miti yake maarufu huitwa quebracho, neno la Kihispania lenye maana ya kivunja shoka, na seremala aliyewahi kushika ubao wake hataliona jina hilo kuwa la kutia chumvi. Mvua hunyesha katika majira ya joto na kujaza madimbwi. Kisha hufuata miezi mingi ya ukame.

Mtaalamu George Boulenger wa Jumba la Makumbusho la Uingereza ndiye aliyemweleza chura huyu kisayansi mwaka 1882, akampa jina la kumheshimu Sauvage, mtaalamu wa Kifaransa wa samaki na reptilia. Ni chura wa kijani, mwenye urefu wa sentimita 7 au 8 hivi, na mstari mweupe mdomoni na ubavuni. Harukiruki kama vyura tuwajuao. Hutembea polepole juu ya vijiti, mguu mmoja baada ya mwingine, mfano wa kinyonga. Kidole chake cha kwanza kinaweza kuelekeana na vingine, kama gumba la mtu, na kwa hiyo hukishika kijiti kwa kiganja badala ya kujinata tu kwa ncha za vidole. Wenyeji wa Argentina humwita rana mono, yaani chura kima, jina linalomwonyesha vizuri zaidi kuliko lile la Kilatini.

Siri yake ya kwanza ilielezwa kwa ukamilifu mwaka 1976, pale Blaylock, Ruibal na Platt-Aloia walipochapisha uchunguzi wao juu ya ngozi na mwenendo wa vyura wa kundi hili. Ngozi ya vyura kwa kawaida ina tezi za aina mbili: zile za ute, na zile za sumu. Katika ngozi ya chura wa Chaco walikuta aina ya tatu, tezi ndogondogo zilizotapakaa mwilini, ambazo hutoa mafuta. Mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni nta: esta zilizoundwa kwa asidi za mafuta na alkoholi zenye minyororo mirefu ya kaboni, jamaa za karibu za nta ya nyuki na ya majani ya mimea.

Lakini tezi zikitoa nta kwa matone hapa na pale, hazijaziba kitu. Nta haina budi kuenezwa, na chura huieneza mwenyewe. Akiisha kutulia tawini hujipangusa kwa utaratibu kama mtu ajipakaye mafuta baada ya kuoga: miguu ya mbele hupita kichwani na kooni, ya nyuma huufikia mgongo na ubavu, mmoja baada ya mwingine, mpaka pasibaki mahali palipo wazi. Amalizapo ngozi yake hung'aa, na mtu asiyejua anaweza kumdhania kuwa sanamu iliyofinyangwa na kupigwa rangi. Utando wenyewe haufikii unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Utando mwembamba kiasi hicho hauwezi kustahimili kurukaruka, na ndiyo maana utulivu wa chura huyu mchana kutwa si uvivu. Ni sehemu ya kinga yake.

Mwalimu anaweza kuonyesha nguvu ya nta bila chura wala maabara. Atwae nyanya mbili zenye uzito sawa, amenye moja, aziweke zote dirishani na kuzipima asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu. Ganda la nyanya lina tabaka la nta lisiloonekana kwa macho, na tofauti ya uzito itakayoandikwa ubaoni itasema zaidi ya ukurasa mzima wa maelezo. Kwa chura wa Chaco tofauti hiyo ni kubwa. Maji ayapotezayo kwa uvukizi akiwa ametulia ni kama sehemu moja ya kumi mpaka ya ishirini tu ya yale apotezayo chura wa kawaida mwenye ukubwa uleule. Hicho ni kiwango cha mijusi wa jangwani.

Hapa wasomaji wengi wangeridhika kwamba fumbo limekwisha kufumbuliwa. Bado. Mwenye nyumba aliyeziba paa lote huku akiacha bomba likivuja uani hajaokoa maji yake. Mnyama hupoteza maji si kwa ngozi peke yake, bali kwa mkojo pia, na kwa amfibia mkojo ni gharama kubwa.

Kila mnyama alaye protini hubakiwa na nitrojeni asiyoihitaji, na hana budi kuitoa. Njia rahisi ni kuitoa kama amonia, lakini amonia ni sumu kali na yataka maji mengi ya kuizimua. Samaki na viluwiluwi vya chura, walio ndani ya maji, hawana taabu nayo. Chura mkubwa huibadili kuwa yurea, ambayo haina ukali huo. Ndege na reptilia wengi huifanya kuwa asidi ya yuriki, ule weupe uonekanao katika kinyesi cha kuku na cha mjusi. Kwa makadirio ya vitabuni, gramu moja ya nitrojeni huhitaji kama mililita 500 za maji ikitolewa kama amonia, 50 ikitolewa kama yurea, na 10 tu kama asidi ya yuriki. Sababu yaonekana katika kemia yenyewe. Molekuli ya amonia hubeba atomu moja ya nitrojeni, ya yurea mbili, na ya asidi ya yuriki nne. Zaidi ya hayo, asidi ya yuriki na chumvi zake haziyeyuki kwa urahisi. Hutengana na maji na kuwa chembe ngumu, na kitu kisichoyeyuka hakivuti maji kwa osmosisi. Mwili waweza basi kuyarudisha maji na kuuacha uchafu utoke karibu mkavu.

Kwa miaka mingi vitabu vilitaja njia hii kuwa mali ya ndege na reptilia, na mpaka huo ulichorwa kwa wino mzito. Aliyeufuta kwanza hakuwa Amerika. Mwaka 1970 J. P. Loveridge, aliyekuwa akifanya kazi Salisbury, mji ambao leo ni Harare, alieleza kwamba chura wa mitini wa Kiafrika aitwaye Chiromantis xerampelina hutoa nitrojeni yake kwa wingi kama asidi ya yuriki. Wataalamu kadhaa walipokea habari hiyo kwa mshangao. Miaka miwili baadaye, 1972, Vaughan Shoemaker na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko Riverside walitangaza katika jarida la Science matokeo ya namna hiyohiyo kwa chura wa Chaco: karibu asilimia 80 ya nitrojeni anayoitoa ni katika umbo la yuriki. Vyura hawa wawili si ndugu wa karibu. Mababu zao walitengana zamani sana, na kila upande uliifikia njia hii peke yake.

Yafaa msomaji atue kidogo hapa. Nta bila asidi ya yuriki isingemwokoa chura, kwa kuwa angeyamwaga kwa mkojo yale aliyoyahifadhi kwa ngozi. Asidi ya yuriki bila nta nayo isingefaa kitu, kwa kuwa jua lingemkausha kabla figo hazijafanya kazi yoyote ya maana. Na vyote viwili vinahitaji mwenendo unaolingana navyo, yaani kujipaka kwa bidii na kutulia kwa subira. Mara nyingi mitihani yetu huuliza juu ya "sifa" ya mnyama inayomwezesha kuishi mahali fulani, kana kwamba sifa moja hutosha. Mnyama huyu ni mfano mzuri wa kuonyesha upungufu wa swali hilo.

Lipo jambo la tatu, nalo ni joto. Kujikinga na uvukizi kuna hasara yake, maana uvukizi ndio unaopoza mwili. Chura aliyejiziba kwa nta huku jua linamwakia angeweza kupikika ndani ya ngozi yake. Mwaka 1987 Shoemaker na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa vyura wa Chaco na wa Afrika pamoja. Hewa ilipozidi kupata joto, joto la miili ya vyura lilipanda nalo bila wao kufanya lolote, hadi likakaribia nyuzi 40, kiwango ambacho kingewaua vyura walio wengi. Hapo ndipo tezi za ute zilipoanza kutoa maji juu ya ngozi, na uvukizi ukaongezeka ghafla ili kulizuia joto lisipande zaidi. Kwa maneno mengine, walitoa jasho, lakini katika dakika ya mwisho. Hesabu yake yafanana na ya ngamia, ambaye huuacha mwili wake upate joto mchana na kulitoa usiku penye ubaridi, kuliko kutumia maji yenye thamani ili kubaki baridi saa zote.

Kuhusu kunywa, chura wa kawaida hanywi kwa mdomo. Hukaa penye unyevu na kufyonza maji kwa ngozi ya tumbo. Chura wa Chaco, ambaye ngozi yake imezibwa, ameonekana akiinua kichwa mvua inyeshapo na kumeza matone yanayomdondokea. Ni jambo dogo, lakini laonyesha jinsi badiliko moja la ngozi linavyodai mabadiliko mengine ambayo hakuna angeyatarajia.

Hata uzazi wake umepangwa kwa hesabu ya maji. W. E. Agar alieleza mwaka 1909 jinsi dume na jike wanavyochagua majani yaliyoinama juu ya dimbwi na kutaga mayai kati yake, wakiyakunja majani hayo kwa miguu yao yakawa mfano wa bahasha. Pamoja na mayai, jike hutoa vifuko vya utelezi visivyo na kiini ndani. Vifuko hivyo si mayai yaliyoharibika, kama mtu angeweza kudhani. Ni akiba ya maji. Huyanata majani yasifunguke, na unyevu wake huzuia viini visikauke hadi viluwiluwi viwe tayari. Wakati huo ukifika, viluwiluwi huanguka dimbwini na kuendelea na maisha ya kawaida ya viluwiluwi vyote.

Ngozi hiyohiyo imewapa wanakemia kazi kubwa. Vittorio Erspamer wa Roma, mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza ngozi za vyura wa mabara mbalimbali, pamoja na wenzake walitenga kutoka kwa chura huyu, karibu na mwaka 1980, peptidi iliyoitwa sovajini, inayofanana na homoni ya ubongo wa mamalia inayoamsha mwili wakati wa mashaka. Mwaka 1981 ikatangazwa peptidi nyingine, dermofini, yenye asidi za amino saba tu, lakini inayotuliza maumivu kwa nguvu kupita morfini mara nyingi. Mwaka 1991 watafiti wa Paris waliongeza dermaseptini, inayoua bakteria na kuvu. Nguvu ya dermofini ilifika hata kwa wadanganyifu: mwaka 2012 iligunduliwa katika miili ya farasi wa mashindano nchini Marekani, waliopewa ili wakimbie bila kuhisi maumivu.

Kwa mwalimu wa kidato cha tano na cha sita, la maana zaidi ni umbo la dermofini. Asidi za amino zina maumbo mawili yanayohusiana kama mkono wa kushoto na wa kulia, na seli za wanyama hujenga protini kwa umbo la kushoto. Katika dermofini asidi ya pili, alanini, ni ya kulia. Je, jeni za chura huyu zina lugha nyingine? Mwaka 1987 Günther Kreil na wenzake, huko Salzburg, walionyesha kwamba sivyo. Jeni huandika alanini ya kawaida kwa herufi zilezile zitumiwazo na viumbe wote. Mnyororo ukiisha kujengwa ndipo alanini hiyo hugeuzwa. Isipogeuzwa, dermofini hupoteza karibu nguvu yake yote.

Orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Maumbile haimweki chura huyu miongoni mwa wale walio hatarini, kwa kuwa eneo lake ni pana. Msitu wake, hata hivyo, umekatwa katika karne hii kwa kasi ambayo nchi chache za dunia zimeifikia, ili kupata malisho ya ng'ombe na mashamba ya soya. Paraguay ilipitisha mwaka 2004 sheria kali ya kuzuia ukataji wa miti, lakini sheria hiyo ilihusu upande wa mashariki wa nchi tu. Chaco iko magharibi, na matingatinga yalielekea huko. Argentina ilipitisha sheria yake ya misitu mwaka 2007, na ukataji ukaendelea katika majimbo ya kaskazini, ijapokuwa kwa mwendo uliopungua. Nta humkinga chura na jua. Hata hivyo, anahitaji tawi la kukalia, na tawi hilo sharti liwe karibu na dimbwi lenye majani yanayoliinamia.

Yule chura mwingine, wa Loveridge, hayuko mbali na wasomaji wa Afrika ya Mashariki. Chiromantis xerampelina hupatikana kutoka pwani ya Kenya, kupitia Tanzania na Msumbiji, hadi Afrika ya Kusini. Na nduguye, Chiromantis petersii, wa sehemu kavu zaidi, alichunguzwa na Robert Drewes na wenzake waliochapisha kazi yao mwaka 1977. Hawa hawana tezi za nta wala hawajipanguzi. Ngozi yao huzuia maji kwa njia nyingine. Mvua zianzapo huacha juu ya matawi yanayoning'inia juu ya maji mafungu ya povu jeupe, makubwa kuliko ngumi, ambayo wapita njia hudhani ni utando wa buibui au kazi ya wadudu. Ndani ya povu hilo, ambalo hukauka kwa nje na kubaki bichi kwa ndani, mna mayai. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Mwanafunzi akiliona povu hilo na atazame matawi ya jirani saa sita mchana. Huenda akamkuta mwenyewe ameketi juani, miguu imekunjwa chini ya tumbo, amegeuka mweupe kama chokaa ili kuurudisha mwanga, naye hatikisiki.